Zuio la Kodi Lililonifuata Guangzhou

Mwaka ule polisi wa Guangzhou walipoanza kusimama kwenye milango ya majengo tuliyokuwa tukiishi, pasipoti yangu sikuwa nayo. Ilikuwa kwa wakala wa viza, kijana wa Kichina mwenye chumba kidogo kwenye ghorofa za juu za jengo la Tianxiu, na mimi nilitembea na fotokopi niliyoikunja na kuificha ndani ya sidiria. Fotokopi ile haikuwa na maana yoyote. Niliwahi kumwona kaka mmoja wa Kongo akitoa ya kwake chini ya daraja la waenda kwa miguu. Askari aliisoma, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akamrudishia, kisha akamwonyesha gari la kupanda.

Nilikuwa nanunua nguo za watoto. Asubuhi nilizunguka masoko ya jumla ya Liuhua, na nikiwa na oda ya kushonesha nilikwenda Kangle, kwenye vichochoro vya mafundi, nikakaa juu ya marobota ya vitambaa mpaka bosi wa karakana akubali bei yangu. Mizigo iliingia kwenye kontena tulilochangia wafanyabiashara wengi, ikashuka Dar es Salaam, ikasafiri mpaka Mwanza na Tabora. Kazi ile niliipenda. Nilipenda hata ule ubishi wa bei, maana kule Liuhua hakuna aliyejua mimi ni nani wala nimetoka wapi, na baada ya yaliyonipata nyumbani, kutojulikana kulikuwa ni mapumziko.

Zamani viza haikuwa shida. Ikiisha, unavuka kwenda Hong Kong, unarudi na nyingine. Mwaka ule mlango ulifungwa. Wengine walisema ni kwa sababu ya michezo mikubwa, wengine wakasema serikali imechoka na sisi. Sababu ya kweli hatukuambiwa. Tuliona tu magari ya polisi yakiegeshwa Xiaobei, mtaa wetu, mchana kweupe, na wenzetu waliokuwa wakila pamoja nasi jana hawaonekani tena.

Nilikaa chumba kimoja na mama wa Mombasa, mtu mzima kunipita, mjane, aliyekuwa akiwapikia wafanyabiashara wali wa nazi, mahamri na mchuzi wa samaki. Viza yake ilikuwa imekwisha siku nyingi. Alikuwa hatoki nje kabisa. Kila alichohitaji sokoni nilimletea mimi. Jirani yetu wa mlango wa pili, bibi wa Kichina aliyeishi peke yake, alikuwa akigonga ukuta kila mama alipokaanga vitunguu na bizari. Mama naye alimjibu kwa kugonga kwa mwiko. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Siku wakala aliponiita ofisini kwake, nilidhani viza imetoka. Akanionyesha kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Dada, sheria mpya," akasema kwa Kiingereza chake cha sokoni. "Wanataka barua ya benki ya kwenu. Kwamba wewe ni mfanyabiashara wa kweli, huna tatizo na benki, huna tatizo na serikali."

"Na nikiikosa?"

"Barua meiyou, viza meiyou." Meiyou ni hakuna. Ni neno la kwanza ambalo kila mgeni hujifunza kule, maana ndilo analoambiwa zaidi.

Nilinunua kadi ya simu, nikapiga benki yangu Mwanza. Ofisa wa mikopo pale alikuwa dada ninayemfahamu, tulikuwa tukisali kanisa moja. Nikamweleza, akaniambia nisubiri. Nilimsikia akibonyeza kompyuta, akaita mtu, wakanong'onezana.

"Dada," akasema aliporudi, sauti imebadilika. "Barua hiyo siwezi kukuandikia. Jina lako lina zuio la kodi."

"Zuio gani? Lile tulilipa! Tulilipa lote, miaka mingi sasa."

"Inawezekana kabisa mlilipa. Lakini kulipa ni kitu kimoja na kuondolewa ni kitu kingine. Kwenye kumbukumbu zetu lipo. Na benki yoyote ikituuliza habari zako, itaambiwa lipo."

Niliona aibu kama niliyoiona siku ile ya kwanza. Inabidi nieleze, hata kama sipendi.

Mimi na aliyekuwa mume wangu tulikuwa na duka Mwanza, duka la vitenge na viatu. Mimi nilikaa kaunta, yeye alishughulika na mambo ya ofisi. Barua za ofisi ya mapato zilipoanza kuja, alizipokea, akanyamaza. Zikaja nyingine, akanyamaza. Nilikuja kujua siku maofisa walipofika nyumbani na kubandika karatasi mlangoni: nyumba imezuiwa, isiuzwe, isiwekwe rehani, mpaka kodi ilipwe. Majirani walikuja kuisoma mmoja mmoja, wengine wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Tuliuza gari, tukauza bidhaa kwa bei ya kutupa, tukalipa. Karatasi ikabanduliwa. Lakini hatukupona. Si kodi iliyotuvunja. Kilichonishinda ni kwamba miezi yote ile alikaa na mimi mezani, akala, akacheka, akanisimulia habari za mpira, huku akijua. Hatukujaliwa watoto. Nilimwachia nyumba, nikachukua mtaji mdogo uliobaki, nikarudi kwetu Tabora, na baadaye nikaja China. Tangu hapo hatukuwahi kusemezana.

"Sasa nifanyeje?" nikamwuliza yule dada wa benki.

"Ofisi ya mapato ndiyo inatuletea barua ya kuondoa zuio. Lakini hawaandiki mpaka aombe mwenye namba ya mlipakodi, tena afike mwenyewe. Na namba ni ya mumeo. Wewe ni mbia tu."

"Si mume wangu tena."

"Basi aliyekuwa mumeo, dada. Mpigie."

Nilikaa siku kadhaa bila kupiga. Nilijisemea nitatafuta njia nyingine, na njia nyingine haikuwepo. Mama wa Mombasa alinitazama nikizunguka chumbani, mwishowe akaweka mwiko chini.

"Mwanangu, huyo bwana umekopa kwake?"

"Hapana."

"Umemuibia?"

"Hapana, mama."

"Basi waogopa nini? Mie hapa sina wa kumpigia. Ningekuwa naye, hata awe shetani, ningempigia. Shika simu."

Nilipiga mchana, nikitumaini hatapokea. Simu ikapokewa na mwanamke. Nilijua alioa tena. Habari za namna hiyo hukufuata popote. Nikamsalimu, nikasema ninamtafuta mwenye simu, nikajitambulisha.

"Yupo," akasema. "Lakini hawezi kuongea na wewe."

"Mwambie si ugomvi. Ni jambo la ofisi tu. Kama hataki sasa, nitasubiri."

"Dada, sijasema hataki. Nimesema hawezi."

Ndivyo nilivyopata habari. Alikuwa ameanguka bafuni, miaka karibu mitatu nyuma, hawajamaliza hata mwaka tangu wafunge ndoa. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa, mkono na mguu, na maneno yamekwenda. Neno moja tu ndilo lililobaki, akasema mke wake. Ukimwuliza kama amekula, anasema bado. Ukimwuliza kama anaumwa, bado. Akitaka maji, bado. Akifurahi, bado, bado, bado.

Nilikaa kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu: kwa matusi yake, kwa kejeli, hata kwa kuombwa msamaha. Hili sikujiandaa nalo. Mtu yule alikuwa na maneno kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Angeweza kumuuzia mteja viatu vya mguu mmoja, na mteja akaondoka akishukuru.

"Ulikuwa unataka nini?" mke wake akauliza, si kwa ukali.

Nikamweleza habari ya zuio. Sikumficha kitu, hata ile karatasi ya mlangoni. Nilimsikia akihema.

"Ndiyo maana," akasema. "Nilikwenda benki kuomba mkopo kwa nyumba, nimpeleke kwenye matibabu. Wakaniambia nyumba ina matatizo, aje mwenyewe. Nikarudi. Sikujua ni matatizo gani. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia, hata alipokuwa mzima."

"Hata mimi hakuniambia," nikasema.

Tukacheka wote wawili. Hakikuwa kicheko kizuri, lakini baada ya hapo hatukuwa wageni.

Alikwenda ofisi ya mapato kesho yake, peke yake, na cheti cha daktari. Akarudishwa. Akaenda tena na cheti cha ndoa. Akarudishwa. Mwenye namba afike mwenyewe, ndiyo sheria. Akawaomba watume ofisa nyumbani, wakasema hawana utaratibu huo. Akawaambia ofisi iko ghorofani na mgonjwa hapandi ngazi. Wakamwambia pole. Jioni zangu zote nilikuwa nikimsikiliza akinisimulia, na mchana nilikuwa nikipita Xiaobei kwa kuchungulia kila pembe, nikiingia duka la nguo za kike nisizozitaka kila nilipoona kofia ya polisi. Mafundi wa Kangle walinipigia kuuliza oda. Niliwaambia kesho, kesho.

Hatimaye akaamua kumbeba. Alikodi teksi na wapagazi wawili wa sokoni, wanaume wenye mabega, wampandishe ngazi akiwa kwenye kiti cha plastiki. Akaniomba niwe kwenye simu saa hiyo. "Watauliza habari za duka," akasema, "na mimi duka lenu sikulikuta."

Saa tatu ya asubuhi Mwanza ni saa nane ya mchana Guangzhou. Chumbani mwetu simu ilikuwa inakatakata, kwa hiyo nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo, karibu na dirisha dogo la ghorofa yetu. Simu ikaita. Nilisikia kelele za barabarani, kisha wapagazi wakihesabiana, "Inua! Haya, kona, kona!" na miguu ya kiti ikigonga ukuta. Na katikati ya kelele hizo nikasikia sauti yake. Ilikuwa sauti yake kabisa, nzito ile ile.

"Bado! Bado!"

"Anaogopa kudondoka," mke wake akaniambia.

Wakati huo huo, chini kwenye lango la jengo letu, nikasikia redio za polisi. Kisha lile neno ambalo kila mmoja wetu alilijua hata kama hakujua Kichina kingine: "Huzhao! Huzhao!" Pasipoti. Nilisimama. Nikapanda ngazi kwenda juu polepole, simu sikioni, viatu mkononi. Nilimfikiria mama wa Mombasa ndani, lakini mlango wetu ulikuwa umefungwa na alikuwa na kawaida ya kuzima jiko na kukaa kimya.

Mwanza, walikuwa wamefika. Mke wake aliweka simu mezani ili nisikie wote. Ofisa alikuwa mwanaume, mwenye sauti ya mtu asiyependa makosa.

"Mzee, shikamoo. Unafahamu ulichokuja kuomba hapa?"

"Bado."

"Unasema bado hujafahamu?"

"Bado, bado."

"Mama, umesikia mwenyewe. Anasema bado. Mimi nitamwekeshaje dole gumba mtu anayesema bado? Kesho ndugu zake watakuja kusema nimemlazimisha mgonjwa."

Mke wake akaanza kueleza kwamba ndilo neno lake pekee. Ofisa akamkatiza; alishasikia mengi, akasema, watu wanawaleta wazee wao hapa wakiwa hawajitambui, wanawapokonya mali. Nilisikia mke wake akianza kulia, kilio cha hasira, cha mtu aliyelipa teksi na wapagazi na sasa anaambiwa ashuke. Nami niko kwenye ngazi za watu, nimebana mgongo ukutani, siwezi kupaza sauti.

"Ofisa," nikanong'ona kwenye simu. "Ofisa, naomba unisikie. Mimi ndiye mbia."

"Nani huyo? Mbona ananong'ona?"

"Niko China, siwezi kusema kwa nguvu. Usimwulize maswali ya kujibu kwa mdomo. Mwulize ya kuonyesha kwa mkono. Mkono wa kushoto ni mzima. Akili yake ipo."

Chini, lango lilifunguliwa, na viatu vikaanza kupanda ngazi.

"Haya," ofisa akasema. "Mzee, nionyeshe, ziwa liko upande gani?"

Sikuona kitu. Nilisikia tu kiti kikilia. "Sawa," ofisa akasema. "Duka lenu mlikuwa mnauza nini? Angalia hapa ofisini, nionyeshe." Kiti kikalia tena. Mtu akacheka. "Viatu vyangu! Sawa. Na nini kingine? Aa, kitenge cha mama yule. Sawa." Sauti ya ofisa ililegea kidogo. Akamwuliza mengine mawili matatu. Kisha akauliza, "Na mke wako ni yupi?"

Hapo pakawa na ukimya ambao sikuuelewa.

"Sawa," ofisa akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sawa, mzee. Lete hilo dole."

Sauti ya mwanamke wa Kichina ikaingia katikati kunijulisha kwamba kadi inakwisha, na simu ikakatika. Viatu vya polisi vilikuwa ghorofa moja chini yangu. Nilikuwa nimerudi kwenye ghorofa yetu bila kujua, miguu yenyewe tu, na sikuwa na ufunguo mkononi, na kugonga kungemfichua mama. Ndipo mlango wa yule bibi wa Kichina ukafunguka. Alinitazama, akatazama viatu vyangu nilivyovishika, akanivuta kwa mkono wa blauzi, akafunga mlango. Akanikalisha kwenye kigoda mbele ya televisheni, akaongeza sauti ya mchezo wa kuigiza aliokuwa akiuangalia. Walipogonga, alikwenda akawajibu kwa ukali uliozidi ule aliotumia kutugongea ukuta. Walicheka, wakaondoka. Hakuniambia neno hata moja. Alinipa chungwa, akaendelea kuangalia mchezo wake.

Mlango wetu siku ile haukugongwa. Sijui kwa nini.

Jioni nilimpigia mke wa aliyekuwa mume wangu kwa kadi mpya. Nikamwuliza kulitokea nini pale kwenye swali la mwisho.

"Alionyesha simu," akasema.

Simu ile ile ya mezani, yenye sauti yangu.

"Nikafikiri anataka kuishika. Nikataka kumpa. Akasukuma mkono wangu, akaionyesha tena. Halafu akanigeukia, akanionyesha mimi, na akaacha kidole kwangu. Kwa muda mrefu. Watu wote wanaangalia."

"Samahani," nikasema.

"Kwa nini? Amesema kweli. Ofisa aliandika kwamba anaelewa." Nikamsikia akifunga mlango. "Lakini nilipofika nyumbani nililia, sikufichi."

Barua ya kuondoa zuio haikutoka siku ile, wala wiki ile. Mtu wa kusaini alikuwa safarini. Mke wake alikwenda kila baada ya siku chache kukaa kwenye benchi lao, wamwone. Alijifunza majina ya makarani na habari za watoto wao. Mimi huku siku zangu zilikuwa zinaisha. Wakala aliniambia viza ya zamani imebakiza muda mdogo sana, na ikipita, yeye hanijui.

Kisha asubuhi moja simu ikaja kutoka benki. Yule dada wa kanisani alikuwa karibu kupiga kelele. "Limetoka! Nimeangalia mara mbili. Jina lako safi, na la mwenzako safi. Nipe namba ya faksi." Nilimpa ya ofisi ya wasafirishaji wa mizigo pale Tianxiu. Nilipita njia ya nyuma, penye mapipa ya taka ya mikahawa, nikapanda lifti nimeinamisha kichwa. Karatasi ilikuwa tayari kwenye mashine. Ilisema mimi ni mteja wa siku nyingi, sina deni benki, na hakuna zuio lolote juu ya jina langu. Niliisoma nimesimama, watu wakinisukuma na maboksi. Nilidhani nitafurahi. Nilichohisi ni uchovu, kama mtu aliyebeba ndoo mbali na kufika nayo nyumba isiyo yake. Nikampelekea wakala, akaipiga muhuri wake wa kupokea, akatabasamu. "Sasa you," akasema. You ni kinyume cha meiyou: sasa ipo.

Nilinunua samaki kwa ajili ya mama, nirudi tusherehekee.

Harufu ya wali ulioungua niliipata tangu ngazini. Mlango wetu ulikuwa wazi. Bibi wa Kichina alikuwa ndani, amezima jiko, amefungua dirisha, anapepea moshi kwa gazeti. Aliponiona, aliacha. Akaweka gazeti chini, akakutanisha vifundo vya mikono yake miwili mbele ya tumbo, akavibana pamoja, kama vyenye pingu. Kisha akaonyesha chini, barabarani. Akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga, mwanamke yule ambaye kwa mwaka mzima aligonga ukuta.

Viatu vya mama vilikuwa mlangoni. Wamemchukua na kandambili.

Sikuweza kumfuata. Bila pasipoti, kwenda kituoni kumwulizia ilikuwa ni kujipeleka mwenyewe. Nilikaa ndani na samaki wangu akaoza. Waliokuja kula niliwaambia mlangoni, na kila mmoja aliinama kidogo, akaondoka haraka. Hiyo ndiyo aibu ya mwaka ule: wengi tulimpenda, na hakuna aliyeweza kwenda.

Viza ilitoka. Ilikuwa fupi, ya kufunga mizigo tu, na wakala akaniambia nisijisumbue kuomba kuiongeza. Siku niliyoishika pasipoti yangu, nilichukua mfuko nikatia nguo za mama, buibui lake, mafuta ya mgongo na viatu vyake, nikaenda kituoni kwa miguu yangu. Askari wa kaunta alifungua ukurasa, akaangalia picha, akaniangalia, akaangalia tena picha. Niliweka mikono yote miwili juu ya kaunta, ingawa sasa sikuwa na kosa. Kuhusu kumwona mama, akasema meiyou. Lakini mfuko aliuchukua, na kabla ya kuuweka kando alivitoa viatu, akavipanga vizuri juu.

Mama alirudishwa Kenya baada ya wiki kadhaa. Alinipigia kutoka Mombasa, nami bado niko Xiaobei nafunga maboksi.

"Viatu vilinifika," akasema. "Nilijua ni wewe. Sasa nambie, sufuria zangu?"

"Nimeziweka kwenye kontena, mama. Ile iliyoungua pia."

"Ile itupe, mwanangu. Sitaki kuiona."

Sikuitupa, lakini sikumwambia.

Niliporudi Tanzania nilipitia Mwanza, kwa kuwa benki ilitaka saini yangu. Nilisema sitafika ile nyumba. Nikafika. Mke wake alinipokea mlangoni, mwanamke mfupi, mdogo kuliko sauti yake, akaniita dada na akachukua begi langu. Mlangoni bado palionekana alama ya gundi, nayo imepakwa rangi juu. Aliyekuwa mume wangu alikuwa amekaa uani kivulini, amekonda. Aliponiona alilia kwa upande mmoja wa uso. Nilimshika mkono wa kushoto. Nilikuja na maneno mengi niliyoyatunza kwa miaka, na hata moja sikulisema, kwa sababu asingeweza kunijibu na isingekuwa haki. Tulikaa hivyo mpaka akasinzia.

Mke wake akaleta chai. Benki walikuwa wamekubali kumkopesha, akaniambia, lakini daktari amesema wamechelewa sana. Mguu huenda ukapata nguvu kidogo, maneno hapana. Nilisema pole. Alikoroga chai yake muda mrefu.

"Nikuulize kitu, usinicheke," akasema. "Alikuwa anaongeaje? Mimi nilikaa naye akiwa mzima miezi michache tu. Nimeanza kusahau."

Nikamwambia. Nilimwambia jinsi alivyokuwa akiwaita wateja kutoka ng'ambo ya barabara kwa rangi ya nguo zao. Jinsi alivyokuwa akisoma gazeti kwa sauti hata kama hakuna anayemsikiliza, akiongeza habari zake mwenyewe katikati. Jinsi alivyokuwa akidanganya, na kwamba alidanganya kwa sauti ya upole kuliko ya kawaida, na kwamba mimi nilichelewa kuijua tofauti. Hilo pia nilimwambia, kwa kuwa aliuliza. Alisikiliza ameegemea mlango, na kila nilipodhani nimemaliza, akasema, "Endelea, dada."